Mishahara miwili ya nyumba moja

Mwisho wa mwezi ni mwalimu mkali. Karani akisha kupokea mshahara wake hulipa deni la unga, hutoa fedha ya shule ya watoto, hununua sabuni na chumvi, kisha hufungua kiganja na kuona kwamba kilichobaki hakikijazi. Ndipo moyoni hujiuliza: «Je, nafanya kazi ili nile, na nala ili nifanye kazi, basi?» Swali hilo si la wavivu. Hata mtu mwenye bidii huliuliza, tena yeye kuliko wengine.

Yafaa kwanza kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna ufukara, yaani hali ya kukosa chakula, dawa na paa la nyumba. Ufukara ni msiba, na hakuna aliye na haki ya kumwambia mwenye njaa aridhike nao. Kuna pia maisha ya kadiri, ambayo ndani yake mtu apata riziki yake ya lazima na ziada kidogo sana. Somo hili lahusu hali hii ya pili, na hasa ile ziada kidogo: yaweza kufanya nini?

Huko New York, mji wa Marekani uliojaa matajiri, walikaa mume na mke ambao hawakuwa matajiri. Mume aliitwa Herbert Vogel. Alizaliwa mwaka 1922, mwana wa fundi cherehani, wala hakumaliza masomo yake ya sekondari. Alipata kazi katika posta: usiku kucha alichambua barua na kuzipanga kwa kadiri ya mahali ziendako. Mkewe, Dorothy, aliyezaliwa mwaka 1935, alikuwa mtunza vitabu katika maktaba ya watu wote ya Brooklyn. Walioana mwaka 1962. Herbert alipostaafu mwaka 1979, mshahara wake wa mwaka mzima haukuwa umepita dola 23,000 hata mara moja. Katika mji ule, fedha hiyo ni ya mtu wa kawaida kabisa.

Basi wakafanya mapatano ya ajabu. Mshahara wa mke uwe wa nyumba: kodi, chakula, mavazi, taa. Mshahara wa mume uwe wa kitu kimoja tu walichokipenda wote wawili, yaani kazi za sanaa: picha, michoro na sanamu za mafundi waliokuwa hai wakati ule. Walikaa katika nyumba yenye chumba kimoja cha kulala, ambayo kodi yake sheria ya mji iliizuia isipande ovyo. (Jambo hili lisisahauliwe, bila kodi nafuu mapatano yao yangalivunjika upesi.) Hawakuwa na motokaa, wala hawakutafuta anasa.

Mwanzo wao ulikuwa mdogo, tena ulikuwa na kushindwa ndani yake. Walipooana walikwenda Washington, na huko Herbert akamwongoza mkewe katika Jumba la Taifa la Sanaa, akimfundisha kutazama picha. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunza kwa kusoma, kwa kusikiliza masomo, na kwa kuketi karibu na wachoraji walipokuwa wakizungumza. Baadaye wote wawili wakajifunza kupaka rangi, wakapanga chumba cha kufanyia kazi, wakatundika picha zao ukutani. Lakini kadiri macho yao yalivyofunguka, ndivyo walivyoona kwamba picha za wengine zawashinda zao. Wakaziondoa zile zao, wakaacha kuchora, wakaanza kukusanya.

Mtu mwingine angaliona haya, akaacha yote na kurudi kukaa kibarazani. Wao hawakuona hasara. Mkono ulioshindwa kuchora ulikuwa umelifundisha jicho kujua ugumu wa kazi, na jicho hilo ndilo lililowafaa miaka yote iliyofuata.

Sheria zao za kununua zilikuwa mbili tu. Ya kwanza: bei iwezekane kwa mshahara wa mpanga barua. Ya pili: kitu kiweze kuchukuliwa mkononi, ndani ya teksi au garimoshi la chini ya ardhi, na kuingia katika nyumba yao ndogo. Kwa sheria hizo hawakuweza kununua kazi za watu wenye sifa kubwa. Walikwenda kwa vijana wasiojulikana, wakapanda ngazi mpaka vyumbani mwao, wakaketi, wakauliza, wakatazama michoro iliyotupwa pembeni. Sol LeWitt, ambaye baadaye jina lake lilienea pote, aliwapata hawa wawili kati ya wanunuzi wake wa kwanza. Richard Tuttle alikuwa rafiki yao. Huyo aliweza kupigilia ukutani kipande cha kamba, kirefu kama kidole tu, na kukiita kazi ya sanaa. Wengi walicheka. Herbert na Dorothy walitazama, wakatazama tena. Na kwa kuwa wengi walicheka, bei ilikuwa ndogo.

Fedha ikiwa haitoshi, walilipa kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, na mafundi waliwaamini kwa sababu ahadi yao haikuvunjika. Wakati mwingine hawakulipa fedha kabisa. Christo na mkewe Jeanne-Claude, waliotundika pazia kubwa mno kati ya milima ya Colorado mwaka 1972, walikuwa na paka asiye na wa kumtunza wakati wa kazi hiyo. Akina Vogel wakamtunza paka, wakapewa mchoro. Kuwatunza paka hakukuwa kazi ngeni kwao. Nyumba yao ilikuwa na paka wengi, na kasa, na samaki.

Saa zao pia zafaa kutazamwa, maana fedha si kitu pekee kinachopungua. Herbert alifanya kazi usiku. Asubuhi alilala, mchana akazunguka katika nyumba za maonyesho, ambazo hazidai kiingilio, na jioni na siku za mapumziko alikwenda pamoja na Dorothy. Huko posta wenzake hawakujua neno. Walimwona mtu mfupi, mpole, apangaye barua. Huenda baadhi yao walimhurumia.

Hapa msomaji aweza kusema: «Hao hawakuwa na watoto. Mimi nina watoto sita, na mama mzee, na wana wa ndugu yangu aliyefariki.» Ni kweli, na jambo hilo ni kubwa, wala haifai kumwambia baba wa watoto sita atenge mshahara mzima kwa ajili ya picha. Mwenye jamaa atatenga pengine saa mbili za Jumapili jioni, na fedha ya nyuzi za gitaa, au ya mbegu za maua, au ya daftari la kuandikia hadithi za wazee kabla hawajatuacha. Lakini na atazame kwamba kwa Vogel mapatano yalitangulia manunuzi. Mke alijua kila senti iendako, akaikubali, akaipenda. Nyumbani kwingi ile ziada kidogo huondoka kwa siri: mume ana glasi yake, mke ana kitambaa chake alichokificha, na kila mmoja humlaumu mwenzake. Mshahara haukutosha, wasema. Kwa kweli haukuzungumzwa.

Miaka ikapita, nyumba ikajaa. Michoro ilipangwa chini ya kitanda, ndani ya makabati, juu ya kuta zote hata bafuni. Vile vitu vilivyochekwa vikawa vya thamani kubwa. Kuuza vichache tu kungaliwapa nyumba pana na uzee wa raha. Hawakuuza. Mwaka 1992 ilitangazwa kwamba mkusanyo wao waenda katika lile Jumba la Taifa la Washington, walipotembea walipokuwa maarusi. Walilichagua kwa sababu jumba hilo halitozi kiingilio na haliuzi kazi lilizopokea. Tena mume na mke hao walikuwa watumishi wa umma, waliolipwa kwa kodi ya watu wote. Ilihitajika magari makubwa matano kuhamisha vitu vilivyotoka katika nyumba ya chumba kimoja cha kulala. Jumba likawapa fedha kidogo ya kila mwaka kwa ajili ya uzee wao, nao wakaitumia, msomaji amekwisha kudhani, kununua michoro mingine.

Mwishoni kazi hizo zilipita 4,000, zikazidi nafasi ya jumba moja. Mwaka 2008 ikapangwa kwamba kila jimbo kati ya majimbo 50 ya Marekani lipewe kazi 50 kwa ajili ya makumbusho yake. Herbert alifariki mwaka 2012, mwenye umri wa miaka 89.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI. Kwa nini akina Vogel waliondoa picha zao wenyewe ukutani, nao walipata faida gani kwa kushindwa kule? Mume na mke wa nyumba yenu hupatana lini juu ya mshahara: kabla ya kuupokea, au baada ya kwisha? Katika kijiji au mtaa wenu, ni kitu gani kizuri ambacho bei yake ni ndogo kwa kuwa watu hawajajifunza kukitazama?