Shida ya Nyumbani Ipelekwe kwa Nani?

Watani wetu Wachagga wametutania miaka mingi kwamba Mpare yu radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Utani ni utani. Lakini kaa nje ya mahakama Mwanga mjini asubuhi ya siku ya kesi, uwatazame watu walioshuka na gari la kwanza kutoka Usangi na Ugweno. Wamebeba bahasha za karatasi na wamekuja na mashahidi ambao nauli na chakula chao ni juu ya mwenye kesi. Ukiuliza chanzo, mara nyingi utatajiwa mgomba ulioangukia kwa jirani, mbuzi aliyeingia kwenye maharage, au zamu ya maji iliyorukwa. Mambo hayo yalikuwa na pa kumalizikia karibu zaidi, ila hayakupelekwa mahali pake kwa wakati wake.

Kabla hujafunga safari, jiulize unatafuta nini. Kuna mtu wa kukushauri, kuna mtu wa kuwapatanisha, na kuna mwenye mamlaka ya kuamua. Shangazi yako anaweza kukushauri kuhusu mumeo, lakini ni vigumu awapatanishe, kwa sababu mumeo anajua yuko upande wako. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuwakalisha wewe na jirani mkaelewana, lakini hana uwezo wa kumkabidhi mmoja wenu ardhi. Hakimu anaamua, na akishaamua mmoja hutoka ameshindwa, nanyi mtaendelea kupishana kwenye njia moja ya kwenda shambani. Ndiyo maana naamini kwa dhati kwamba hakimu awe wa mwisho, isipokuwa kwa mambo machache nitakayoyataja.

Mshauri mzuri hana faida yoyote katika shida yako, anajua kunyamaza, na amewahi kukwambia umekosea. Mtu ambaye husema ndiyo kwa kila neno lako hafai. Hafai pia ndugu mwenye ugomvi wake wa zamani na yule unayemlalamikia, maana atapigana vita vyake kwa mkono wako. Na tafadhali, usilipeleke jambo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Aliyeko Dar es Salaam hajauona mpaka mnaougombania tangu Krismasi ya mwaka juzi, lakini atatoa hukumu kwa ujumbe wa sauti, na sauti hiyo itamfikia jirani kabla jua halijazama. Ikishasikika, hata mzee mwenye busara hana la kufanya.

Wengine, ng'ombe akifa au mtoto akiugua mara kwa mara, huenda kwa mpiga ramli kuuliza nani kafanya. Hapo sina maneno laini. Ramli chonganishi imevunja ujirani uliodumu vizazi, na jina linalotajwa huwa la mtu dhaifu, mara nyingi bibi kizee anayeishi peke yake. Sheria ya Uchawi inamtia hatiani hata anayemtuhumu mwenzake ovyo kuwa ni mchawi. Ng'ombe akifa, mwite ofisa mifugo. Mtoto akiugua, nenda zahanati.

Ukimpata mtu wa kumwendea, nenda jioni kazi zikiisha, au umpigie simu kwanza akwambie ana nafasi lini. Mwamkie, ukae, msikilize habari za nyumbani kwake. Kisha sema wazi: "Baba mkubwa, nimekuja kwa shida. Sijaja kumsema mtu, nimekuja unielekeze." Eleza mambo kwa mpangilio yalivyotokea: lini, wapi, nani alikuwepo, na wewe ulijibu nini. Usiyafiche uliyoyatenda wewe, kwa kuwa mshauri aliyepewa nusu ya habari atakupa ushauri wa nusu, na nusu iliyobaki ataisikia kwa mwenzako. Malizia kwa kusema unataka nini: urudishiwe kitu, ulipwe, uombwe radhi, au jambo likome tu. Watu wengi hulalamika saa nzima bila kusema wanataka nini, na msikilizaji anabaki hajui aanzie wapi. Mzee mwenye akili atakuuliza kama umeshazungumza na huyo mtu mwenyewe. Kama bado, rudi ukaanzie hapo.

Sasa tuchukue mpaka wa shamba, maana huku milimani ndilo jambo linalounguza kuliko yote. Mashamba ya migomba na kahawa yamegawanywa na kugawanywa tena kutoka kwa babu hadi kwa wajukuu, na hatua mbili za ardhi zina thamani kubwa. Ukiona masale yaliyopandwa mpakani yamehamishwa au mti wa mpaka umekatwa, usiyang'oe mapya na usilime hapo. Piga picha kwa simu, andika tarehe kwenye daftari, kisha mwendee jirani mchana, bila panga mkononi, umuulize. Msipoelewana, waite majirani wengine mnaopakana nao pamoja na wazee waliokuwapo ardhi ilipogawanywa, mtembee mpakani wote. Mara nyingi jambo huishia hapo, kwa sababu ni vigumu mtu kudanganya akiwa amesimama kwenye ardhi yenyewe mbele ya watu wanaoijua.

Lisipoisha, lipeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo liliwekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Lina wajumbe saba, na angalau watatu ni wanawake. Kazi yake ni kupatanisha. Haliwezi kumlazimisha mtu. Hatua inayofuata ni Baraza la Kata, na hapa wengi wanaishi na habari za zamani. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena nani mwenye ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa hutoa cheti cha kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, na cheti hicho ndicho kinachokufungulia mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu tangu ulipofungua shauri katani, unaweza kwenda wilayani bila cheti. Kwa hiyo tunza karatasi inayoonyesha tarehe uliyofungua.

Mkielewana popote pale, andikeni. Karatasi moja yenye tarehe, maelezo ya mpaka, sahihi zenu na za mashahidi, pamoja na mhuri wa kijiji. Kila mmoja abaki na nakala. Ukitakiwa kulipa fedha, omba stakabadhi. Wala usilale ukisema utashughulika siku moja. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, na wako wenzetu waliorudi kutoka mjini kustaafu wakakuta muda umewapita.

Maji yana njia yake. Mfereji au ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya shambani, huwa na kamati inayopanga zamu, nayo inajua kiasi cha maji yaliyokusanywa usiku na nani alifungua asubuhi. Anzia huko, wala usikimbilie polisi kwa zamu iliyoibwa. Kama shida ni ya kitongoji kizima, kwa mfano aliye juu amefunga maji yote, nendeni wengi. Wazee wetu walilijua hilo. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka hadi Same kupinga kodi ya mbiru, wakakaa huko kwa zamu miezi mingi, na hatimaye kodi ile ikaondolewa. Shida ya wengi ikibebwa na mtu mmoja huonekana ni ugomvi wake binafsi.

Mambo ya ndoa yaanzie kwa wasimamizi wa ndoa, wazazi wa pande zote mbili, na shehe au mchungaji. Yakishindikana kuna baraza la usuluhishi wa ndoa la kata au la dini yenu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri la talaka lipitie kwenye baraza kwanza, kwa hiyo hata aliyekwisha kukata tamaa hawezi kuliruka, ila kwa sababu maalumu. Sheria hiyo hiyo inasema mume au mke hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na kwamba nyumba wanayoishi haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzake. Wanawake wengi niliozungumza nao hawakuwa wamewahi kusikia hilo la nyumba. Baba akikataa kumtunza mtoto, mwendee ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Asiye na fedha za wakili aulize ofisini kwa mtendaji habari za wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Yale mambo machache niliyoyaahidi ni haya: kipigo, ubakaji, mtoto kunajisiwa au kuteswa, na mtu kutishia kuua. Hapo hakuna kikao cha ukoo, na mzee anayesema "tulimalize nyumbani" asisikilizwe, hata awe nani. Nenda polisi, uulize Dawati la Jinsia na Watoto, uchukue fomu ya PF3 na kwenda hospitali. Aliyeumia vibaya aanze na hospitali. Aliyebakwa asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Kwa mtoto aliye hatarini, piga 116. Simu hiyo ni bure.

Mwisho ni urithi. Kesi nyingi za mipaka ninazozijua zilianza siku baba alipofariki bila kuonyesha nani anachukua wapi. Baada ya msiba ukoo hukaa na kupendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari huandikwa, kisha hupelekwa pamoja na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo. Lakini kikao chenye faida zaidi ni kile kinachofanyika mwenye mali akiwa hai. Mkikutana nyumbani Desemba hii, kabla wa Dar na Arusha hawajapanda gari kurudi, mwombeni mzee awatembeze mpakani, mwenyekiti wa kitongoji na majirani wakiwapo. Mabinti wawepo pia, si wa kiume peke yao. Kisha muandike alichosema, na kila aliyekuwepo atie sahihi.