Kuridhika si Kunyamaza



Tunapozungumzia kuridhika katika ndoa, mara nyingi anayeambiwa aridhike ni mmoja tu. Mke akiuliza fedha za majani chai zimekwenda wapi, hujibiwa, "Mama watoto, ridhika na ulicho nacho." Mume naye akieleza kwamba mwezi huu mapato ni haba, huulizwa mbona jirani amejenga. Hivyo neno zuri limegeuzwa fimbo, na anayepigwa nalo hunyamaza. Lakini kunyamaza si kuridhika. Aliyenyamaza leo huenda kesho akafungasha nguo zake.

Basi kuridhika ni nini? Ni wawili kuijua siku yao na mwaka wao, kisha kuvipokea pamoja, bila kulaumiana kwa mambo ambayo hakuna aliyeyaleta kati yao. Hebu tutazame mfano wa familia za nyanda za juu za Murang'a, Nyeri na Kirinyaga, zenye michai kidogo, ng'ombe mmoja au wawili, na kishamba cha mahindi na maharagwe. Ninyi mnaoishi kwingine mtabadilisha majina ya mimea na miezi. Somo ni lile lile.

1. Ijueni siku yenu

Sisi tulio karibu na Ikweta hatuna siku ndefu na siku fupi. Mwaka mzima jua huchomoza na kutua kati ya saa kumi na mbili na saa moja. Kwa hiyo kazi za leo ndizo za kesho: kukama alfajiri, kupika uji, kuwatayarisha watoto wa shule, kuchuna majani mawili na chipukizi, kuyafikisha kituoni kabla hayajanyauka, kukata nepia, kuteka maji, kupika tena. Na mchai uliochunwa juma hili utakungoja tena baada ya juma moja au mawili.

Kazi hizi peke yake haziharibu ndoa. Kinachoharibu ni kazi isiyoonekana. Aliyepeleka majani chai kituoni hurudi na risiti ya kilo mkononi. Aliyepika uji hana risiti. Jioni mmoja ana ushahidi wa kutwa yake, na mwingine huulizwa, "Kwani wewe umeshinda ukifanya nini?"

Dawa yake ni rahisi. Kwanza, badilishaneni kazi moja kwa juma moja. Baba akiamka saa kumi na moja kuwasha moto, na mama akabeba kikapu hadi kituoni na kungoja foleni, kila mmoja ataujua uzito wa mwenzake. Pili, shukuruni kwa kutaja jambo lenyewe. "Asante kwa kila kitu" hupita sikioni kama upepo. Lakini "asante kwa kukama jana nilipokuwa na homa" hukaa moyoni. Tatu, jioni ketini robo saa mkinywa chai, redio imezimwa na simu zimewekwa kando, msimuliane ya siku hiyo. Wanaosali Rozari pamoja hawatakosa nafasi hiyo. Ikae karibu na sala.

2. Ujueni mwaka wenu

Misimu yetu hujulikana kwa mvua. Januari na Februari ni kiangazi, na shule zinataka karo. Machi hadi Mei ni mvua ndefu, wakati wa kupanda. Maharagwe huwa tayari baada ya miezi mitatu hivi, lakini mahindi ya huku juu kwenye baridi huchukua miezi sita au zaidi. Juni hadi Agosti huja baridi na ukungu. Michai hupunguza kuchipua, na malipo ya mwezi hushuka. Mwisho wa Agosti muhula wa tatu unagonga mlango. Mwezi wa Oktoba mvua fupi huanza, na wakati huo ndipo wengi hungojea bonasi.

Tazameni basi magomvi yenu huangukia wapi. Mke asiyejua kwamba majani hupungua Julai atadhani mumewe ameficha fedha. Mume asiyejua maharagwe yamebaki debe ngapi atadhani mkewe anapika ovyo. Kumbe ni baridi tu, wala haina ubaya na mtu.

Chukueni kalenda iliyo ukutani, mtie alama miezi ya shibe na miezi ya upungufu. Halafu fanyeni jambo moja kubwa: ipangieni bonasi kabla haijafika. Andikeni pamoja: karo ya Januari, deni la mbolea, jambo moja la nyumba, na kitu kidogo cha kuwafurahisha watoto. Fedha isiyopangiwa kazi nyumbani hujitafutia kazi njiani, na njiani kuna vilabu. Oktoba ni mwezi wa Rozari Takatifu. Isiwe aibu kwetu kwamba ndio mwezi ambao baadhi ya akina mama huuogopa kuliko mwingine wowote.

3. Mmoja akiwa mbali

Familia nyingi zina baba anayefanya kazi Nairobi na mama anayebaki shambani. Hapo mazungumzo ya simu huwa ni ya fedha tu: zimefika, hazijafika. Baba, uliza pia ndama ameanza kula nyasi, mvua imeanza kunyesha, mtoto amesoma namna gani. Mama, msimulie hata mambo madogo, asije akawa mgeni katika boma lake. Na akija Pasaka au Krismasi asipokewe kama mgeni wa kuchinjiwa kuku kila siku; apewe kazi yake miongoni mwa kazi za nyumbani.

4. Pumzikeni pia

Mfugaji mzuri humkama ng'ombe takriban miezi kumi, kisha humwacha apumzike miezi miwili kabla ya kuzaa. Anayeng'ang'ania kukama mpaka mwisho hupata maziwa machache baada ya ndama kuzaliwa. Nanyi mna Dominika. Baada ya Misa, tembeeni shambani wawili bila jembe wala panga, mtazame tu kilichoota.

Kwaresma nayo huangukia kati ya Februari na Aprili, wakati ghala nyingi zimepungua. Baba, mfungo wako usianzie kwenye sahani ya mke na watoto. Uanzie kwenye chupa.

5. Wakati wa kusema hapana

La hasha, hatusemi mtu aridhike na kipigo, ulevi au shamba kuuzwa kwa siri. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza mali ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Aliye katika shida hiyo amwendee padre, wazee wa jumuiya ndogo ndogo, au chifu. Na maisha yakiwa hatarini, aondoke kwanza aende mahali penye usalama. Kusema ukweli hakuvunji kuridhika, bali hukulinda.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbachao wa ndoa hukaliwa na wawili. Mmoja akiukalia wote, mwenzake yuko sakafuni.

Maswali ya kuzungumzia mkiwa wawili

1. Ni kazi gani ya mwenzangu ambayo sijawahi kumshukuru kwayo? Nitamwambia nini leo?

2. Katika mwaka, ni mwezi gani hutugombanisha zaidi? Je, ni kosa la mmoja wetu, au ni msimu?

3. Je, sote wawili tunajua kilichomo ghalani, mfukoni na katika madeni?

4. Ni lini niliposema "ridhika" ili tu mwenzangu anyamaze?