Moshi wa Tumbaku na Njia ya Damu

Katika nchi yetu ya Singida tumbaku si mgeni. Wako wazee wavutao kiko, na vijana wanunuao sigara moja moja dukani. Tena wako wakulima wa Manyoni, na jirani zetu wa Tabora, wailimao wapate fedha. Hatuandiki ili kumhukumu mtu, bali tupate kujua moshi ule ukiisha kuingia kifuani wafanya nini.

Kwanza tuitazame njia ya damu. Moyo una pande mbili. Upande wa kuume hupeleka damu mapafuni. Huko damu hutoa hewa chafu na kupokea oksijeni, ndiyo hewa ya uzima. Kisha hurudi upande wa kushoto, ikasukumwa mwilini kote. Ibn al-Nafis, tabibu wa Dameski aliyefanya kazi Misri, aliieleza njia hii ya mapafuni katika karne ya 13. Naye William Harvey wa Uingereza alieleza mzunguko wote mwaka 1628. Kwa mtu aliyetulia, damu ipitayo mapafuni ni kama lita 5 kila dakika, yaani madebe 15 kila saa. Nayo hupita katika mishipa myembamba kuliko unywele, izungukayo vifuko vidogo vya hewa, kadiri ya milioni 300.

Moshi huidhuru njia hii kwa namna nne.

1. Moshi una kaboni monoksaidi, hewa ile ile iwauayo watu walalao na jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hivyo huketi mahali pasipo pake, na viungo vikakosa haki yao.

2. Nikotini huibana mishipa na kuukimbiza moyo.

3. Utando laini wa ndani ya mishipa huharibika. Mafuta hujishikiza hapo, na damu huganda upesi. Mshipa wa moyo ukizibwa, mtu aweza kufa ghafula. Wa kichwani, hupooza. Wa mguuni, mguu waweza kuoza hata ukatwe.

4. Vifuko vya mapafu huharibika pamoja na mishipa yake. Damu yote hulazimishwa kupita katika mishipa michache iliyosalia, kama watu wengi katika mlango mwembamba. Upande wa kuume wa moyo hushindana hata uchoke. Ndipo miguu huvimba na pumzi hupungua.

Wala hadhuriki avutaye peke yake. Mtoto alalaye katika chumba chenye moshi huuvuta naye, ingawa hakuchagua.

Je, kuacha kwafaa? Naam. Baada ya siku chache hewa ile ya sumu huisha katika damu, na baada ya mwaka mmoja ile hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara hupungua kama nusu. Lakini vifuko vilivyokwisha kuharibika havirudi. Basi heri kuacha mapema. Wala ugoro si dawa ya kuachia sigara, maana nao una nikotini.

Ninyi waalimu, wafundisheni vijana kabla hawajaanza. Aliyefungwa na tumbaku msimdharau, bali msaidieni. Na ahemaye kwa shida aende hospitali bila kukawia. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho ya kuwa mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu hili lina mishipa na mapafu, tulitunze.

Maswali: Damu hupokea nini mapafuni? Kwa nini miguu ya mvutaji yaweza kuvimba? Nyumbani mwako ni nani auvutaye moshi asioutaka?