Chungu Kimoja, Meza Moja



Wasomaji wapenzi, juma hili twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo mno kwa ukurasa huu, nalo ni chakula cha jioni. Lakini Bwana wetu hakukiona chakula kuwa kitu kidogo. Wanafunzi wa Emau walitembea naye njiani wasimjue. Walimtambua alipoketi nao mezani na kuumega mkate.

Tutazame sasa nyumba nyingi za mijini. Baba amekwisha kula mgahawani. Kijana amenunua chipsi njiani. Binti amechukua sahani yake chumbani, simu mkononi. Mama anakula mwisho, peke yake, jikoni. Watu wote wa nyumba wameshiba, wala hakuna aliyemwuliza mwenzake habari za siku. Hivyo watoto hukua chini ya paa moja kama wapangaji.

Jiko la wazee wetu shambani lilikuwa na mafundisho matatu yanayotufaa hata leo.

La kwanza ni kutunza. Katika Unyamwezi na Usukuma viazi vitamu hukatwa vipande na kuanikwa: vikianikwa vibichi huitwa michembe, vikichemshwa kwanza huitwa matobolwa. Majani ya kunde hukaushwa yakawa nsansa, yakapikwa kwa karanga wakati wa kiangazi. Akiba haiozi. Kristu naye, alipowalisha wanaume wapatao 5,000 kwa mikate mitano na samaki wawili, aliamuru makombo yakusanywe, yakajaa vikapu 12. Aliyeweza kuzidisha mikate hakukubali makombo yapotee! Ndiyo maana marehemu Papa Fransisko, tarehe 5 Juni 2013, alifundisha ya kuwa kutupa chakula ni kama kukiiba mezani pa maskini. Basi mama wa mjini asione haya kupasha kiporo kilichotunzwa vema, wala kukausha mboga iliyozidi. Aianike kivulini penye upepo, kwa maana jua kali huharibu vitamini A.

La pili ni kazi. Mtoto wa shamba alipalilia, akachota maji, akachambua mboga. Alijua jasho lililomo katika tonge. Wazazi, wapeni watoto wenu kazi jikoni, wavulana sawasawa na wasichana. Aliyechagua mchele kwa mikono yake hataumwaga ovyo, wala hatamdharau aliyempikia.

La tatu ni shukrani. Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko aliwasihi waamini wairudie desturi ya kumshukuru Mungu kabla ya kula na baada ya kula. Sala hiyo haichukui hata dakika moja, nayo humkumbusha mtoto kwamba chakula ni zawadi.

Lakini tusidanganyane: si kila la kale lilikuwa jema. Moshi wa kuni uliwadhuru mama zetu macho na kifua. Tena mahali pengi wanaume walikula kando, minofu ikawa yao, mama na watoto wakabakiwa na mchuzi. Hayo tusiyarudishe. Mwenye jiko la gesi hana kosa lolote. Tunachokitafuta ni ule moyo uliokuwa jikoni, wala si kuni zake.

Twajua pia kwamba wako wazazi wanaofanya kazi za zamu, wasioweza kuwa nyumbani kila jioni. Basi tuanze na siku moja tu katika juma. Simu ziwekwe kando. Kila mtoto awe na kazi yake. Baba aongoze sala, au mama ikiwa baba hayupo. Kisha sahani moja ipelekwe kwa jirani mgonjwa au mjane.

Familia iliyozoea kungojana mezani nyumbani haitaona ugeni mbele ya meza ya Bwana.