Boga, hindi na rangi za maji

Oktoba inapoingia huku Minnesota, masoko ya wakulima hujaa maboga, matufaha na yale mahindi magumu yenye punje nyekundu, njano na zambarau ya kukolea, ambayo wengi huyanunua ili kupamba milango. Mimi huyanunua ili niyachore. Sijaona kitu kinachofundisha rangi za maji vizuri kama boga, kwa sababu hukulazimisha uamue mapema mwanga utakaa wapi.

Chukua boga moja, hindi lililofunuliwa maganda na matufaha mawili. Viweke kando ya dirisha, kisha uzime taa. Mwanga ukitoka pande mbili, vivuli hugongana na uviringo wa boga hupotea. Karatasi iwe nene, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ikiwezekana ya pamba. Nyembamba hujikunja ikishika maji.

Penseli itumike kidogo tu. Anzia kwenye kikonyo: mifereji yote ya boga hutokea hapo, ya katikati ikionekana imenyooka na ya pembeni ikizidi kupinda. Ukiikosea mifereji, hakuna rangi itakayoliokoa boga lako.

Rangi za maji hung'aa kwa weupe wa karatasi iliyo chini yake, kwa hiyo pale panapometa hapapakwi chochote. Lowesha boga zima kwa maji safi, ukiparuka hapo. Gusisha njano upande wa dirisha na rangi ya chungwa upande wa pili, uziache zikutane zenyewe. Usirudie sehemu iliyoanza kukauka. Maji mapya huisukuma rangi na kuacha madoa yenye kingo zilizochanika. Gusa karatasi kwa mgongo wa mkono: ikiwa ya baridi, bado ina unyevu. Subiri.

Kwenye kivuli wengi hukimbilia nyeusi, na boga huonekana limepakwa masizi. Changanya ile ile ya chungwa na buluu ya ultramarini, upate kahawia iliyopoa. Ipitishe nyepesi kwenye mifereji, kisha lainisha ukingo mmoja kwa brashi yenye maji matupu. Kivuli kilicholala mezani kiongezee buluu, ila pale kinapoligusa boga tia wekundu kidogo, kwani ganda hurudisha rangi yake mezani. Wekundu huo naupenda kuliko yote. Ndio unaolikalisha boga.

Hindi usilichore punje kwa punje. Safu chache upande wa mwanga zinatosha, zikitenganishwa na uzi mweupe wa karatasi. Zikielekea kivulini ziache ziungane. Maganda makavu yanataka brashi iliyokaribia kukauka, iburutwe upesi.

Nyuma ya vyote mimi hupaka kijivu chepesi, nikikikoleza kidogo kwenye ukingo wa boga ulioelekea dirishani ili weupe niliouacha utokeze. Upande wa pili naliacha boga liungane na ukuta bila mstari.