KIBABA CHA TELE NA KIBABA CHA MFUTO

Masomo: Kumbukumbu la Torati 25:13-16; Luka 6:38



Katika Biblia tunasoma juu ya taa isiyowekwa chini ya pishi (Mathayo 5:15), na chachu ndani ya pishi tatu za unga (Mathayo 13:33). Vijana wanatuuliza: pishi ni nini?

1. Vipimo vyenyewe

Kabla ya kilo na lita, watu wa pwani walipima nafaka kwa chombo. Vibaba viwili ni kisaga kimoja. Vibaba vine ni pishi moja. Kibaba cha mchele ni karibu gramu 700, na pishi ni kilo mbili na nusu na zaidi. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, karibu kilo 16. Wafanyabiashara wa pwani walifika Nyangwe na Kasongo, huku kwetu Maniema, katika karne ya 19. Walileta Kiswahili, walileta na mpunga. Kilo ilikuja nyuma, pamoja na Wabelgiji.

2. Kibaba ni siku ya mtu

Katika misafara, mpagazi alipewa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Ndiyo posho yake. Basi aliyepunguza kibaba hakuiba punje chache tu. Aliiba siku ya mwenzake. Ndiyo sababu katika Ufunuo 6:6 bei ya kibaba inatangazwa kama habari ya njaa.

3. Tele na mfuto

Kibaba cha tele kimejazwa mpaka kinafanya kilima. Kibaba cha mfuto kimefutwa juu, kikawa sawa na mdomo wa chombo. Vyote viwili ni haki, kama muuzaji na mnunuzi wamepatana. Ubaya ni kununua kwa tele kwa mkulima, halafu kumuuzia mjane kwa mfuto. Torati inakataza kuweka nyumbani vipimo viwili, kikubwa na kidogo.

4. Kwetu Punia

Sokoni tungali tunapima kwa kopo na beseni. Kopo si dhambi. Lakini kopo lililogongwa kitako kikaingia ndani, hilo ni wizi, hata kama juu kuna kilima. Tuache mnunuzi ageuze kopo aangalie. Na mtoto aliyetumwa na mama yake apimiwe sawa na mtu mzima.

Swali la kujiuliza nyumbani: kopo tunalonunulia mpunga, ndilo tunalouzia?

Bwana atupe mkono wa haki. Amina.