Ugaga hauondoki kwa mswaki: kwa nini meno yanahitaji kusafishwa na mtaalamu



Wengi wetu hapa Dzaleka humwona mganga wa meno kwa sababu moja tu: jino linauma, usingizi hakuna, na tunataka litolewe leo leo. Ni desturi tuliyotoka nayo Kivu, Bujumbura, Kigali na kwingineko, na majirani zetu wenyeji wa Dowa nao wanayo. Ukimwambia mtu apande minibasi aende Lilongwe kusafishwa meno ambayo hayamuumi, atadhani unamtania. Atakuuliza: "Kwani mswaki wangu wa nyumbani una kasoro gani?" Ni swali la haki, kwa sababu nauli ni fedha ya unga. Somo hili linajaribu kulijibu bila kuficha kitu.

Ukoga na ugaga

Pitisha ulimi juu ya meno yako asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Utahisi utelezi. Huo ni ukoga, yaani utando laini wa vijidudu vilivyojishikiza juu ya jino. Huanza kujijenga saa chache tu baada ya kusafisha, hata kama hujala kitu. Ukoga huondoka kwa mswaki, na hakuna haja ya mtaalamu.

Shida inaanza pale ukoga unapoachwa. Mate yetu yana madini ya chokaa. Madini hayo huingia ndani ya ukoga na kuugeuza kuwa mgumu, na kazi hiyo inaweza kuanza katika siku moja hadi tatu. Baada ya wiki mbili hivi umekuwa kama jiwe dogo lililogandia jino. Huo sasa ndio ugaga. Tazama ndani ya sufuria au birika unalochemshia maji kila siku: ule ukoko mweupe wa chini hauondoki kwa kitambaa. Ugaga nao ni hivyo hivyo. Unaweza kupiga mswaki mpaka fizi zitoke damu, hautoki.

Mahali pa kuutafuta ni nyuma ya meno ya mbele ya chini, upande wa ulimi, na upande wa shavu wa magego ya juu. Sehemu hizo zipo karibu na matundu yanayotoa mate, kwa hiyo madini hufika huko kwanza. Chukua kioo, ukae penye mwanga. Ukiona ukanda wa njano au kahawia kati ya jino na fizi, umeuona.

Tusichanganye mambo, lakini. Watu waliokulia sehemu za Arusha na Kilimanjaro huko Tanzania, au Nathenje hapa kusini mwa Lilongwe, mara nyingine wana madoa ya kahawia yaliyo ndani ya jino lenyewe kwa sababu ya maji ya visima yenye floraidi nyingi. Hayo si ugaga wala si uchafu, na hayakwanguliwi. Mtu asiwacheke.

Fizi zinaumwa kimya kimya

Ugaga wenyewe hauna sumu kubwa. Ubaya wake ni kwamba una uso wa kukwaruza, na juu ya uso huo ukoga mpya hushika vizuri kuliko juu ya jino safi, tena mahali ambapo mswaki haufiki. Fizi iliyo jirani huvimba, inakuwa nyekundu, na inatoa damu ukiigusa.

Mwaka 1965 watafiti wa Denmark waliwaomba vijana wachache wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia kusafisha, fizi zikapona kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo damu unayoiona kwenye mswaki haisemi kwamba mswaki ni mbaya, na wala si sababu ya kuacha kupiga mswaki. Wengi hufanya hivyo, na kila siku wanayoacha huongeza ukoga.

Kwa baadhi ya watu uvimbe hauishii juu. Fizi hujitenga na jino, mfuko mdogo hutokea, ugaga unashuka ndani ya mfuko huo, na mfupa unaoshika jino huanza kuliwa. Kwa kawaida hakuna maumivu. Jino halina tundu, ni zima, jeupe pengine, lakini linaanza kutikisika kama mti ulioondolewa udongo kwenye mizizi. Mfupa uliokwisha kuliwa kwa kawaida haurudi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba watu wazima karibu bilioni moja wana ugonjwa huu katika hali yake kali.

Je, kila mwenye ugaga atapoteza meno?

Hapana. Wahudumu wengi wa afya hupenda kutisha watu, lakini ukweli unatosha.

Miaka ya 1980 huko Machakos, Kenya, watafiti waliwapima watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65, wengi wao wakiwa hawajapata huduma ya meno ya kawaida. Ukoga na ugaga vilikuwa vingi mno. Hata hivyo wengi bado walikuwa na meno yao, hata wazee. Uharibifu mkubwa ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache na kwenye meno machache.

Huko Sri Lanka wafanyakazi wanaume 480 wa mashamba ya chai, ambao hawakuwa na huduma yoyote ya meno wala desturi ya kupiga mswaki, walifuatiliwa kuanzia 1970 hadi 1985. Karibu wote walikuwa na ugaga. Katika kila watu 100, takribani 11 ugonjwa wao haukupita uvimbe wa juu wa fizi. Wengine 81 walipoteza mfupa polepole. Na 8 walipoteza kwa kasi ya kutisha, wakabaki karibu vibogoyo kabla ya uzee.

Sasa wewe uko kundi gani? Kioo hakiwezi kukuambia. Mtaalamu anaweza, kwa sababu ana kijiti chembamba chenye alama za milimita anachokipitisha kati ya fizi na jino kupima kina cha mfuko. Kwa maoni yetu, kipimo hicho peke yake kinatosha kuwa sababu ya safari ya kwanza, hata kama siku hiyo usafishaji wenyewe ni mdogo.

Anachofanya mtaalamu

Hukwangua ugaga kwa vyuma vidogo vya mkono vyenye ncha, au kwa mashine inayotetemeka na kunyunyiza maji. Mifuko ikiwa mirefu, atachoma sindano ya ganzi na kusafisha hadi kwenye mzizi, mara nyingine kwa ziara mbili au zaidi. Mwisho hulainisha uso wa jino.

Tunasikia mtaani kwamba kusafisha kunalegeza meno. Tuelewe jambo hili linatoka wapi. Jino ambalo mfupa wake umeliwa linaweza kuwa limeshikwa na ukuta wa ugaga uliounganisha meno manne au matano pamoja. Ukuta ukiondolewa, ulegevu uliokuwepo tangu zamani unaonekana. Vilevile fizi iliyokuwa imevimba inanywea, na mtu anaona nafasi kati ya meno, anadhani ametobolewa. Maji ya baridi yanaweza kusisimua meno kwa siku kadhaa. Hayo yote ni kawaida. Wiki chache baadaye fizi hukaza na mara nyingi jino hutulia kuliko mwanzo.

Mwambie mtaalamu kabla hajaanza kama una ugonjwa wa valvu za moyo, kisukari, unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au una mimba. Mimba si kizuizi. Fizi za mama mjamzito huvimba kwa urahisi, na kusafisha ni salama. Miezi ya katikati, yaani kuanzia wa nne hadi wa sita, ndiyo raha zaidi kwake kulala kwenye kiti.

Mara ngapi?

Mmesikia redioni kwamba kila mtu asafishwe kila baada ya miezi sita. Kanuni hiyo ni ya zamani na ushahidi wake ni mdogo. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Uskoti na kaskazini mashariki mwa Uingereza, uliofuata watu wazima 1,877 kwa miaka 3. Wengine walisafishwa kila miezi sita, wengine kila mwaka, wengine hawakusafishwa kwa ratiba. Fizi zao hazikutofautiana kwa kiasi cha maana. Lakini soma vizuri: watu wenye ugonjwa mkali wa fizi hawakuingizwa katika utafiti ule, na wote waliohusika walikuwa wateja wa kawaida wa kliniki za meno. Hawakuwa watu wenye ugaga wa miaka ishirini ambao haujawahi kuguswa.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa mkaazi wa Dzaleka ni huu. Mtu mzima ambaye hajawahi kusafishwa, apimwe na kusafishwa mara moja. Akikutwa fizi zake ni nzima, asijitese kwa nauli. Akaguliwe tena baada ya mwaka mmoja au miwili. Akikutwa na mifuko, basi huyo ndiye anayehitaji kurudi kila baada ya miezi 3 hadi 6, na kwake kuacha kurudi ni kupoteza kazi yote iliyofanyika.

Wapo wanaopaswa kutangulia katika foleni. Wa kwanza ni mwenye kisukari. Sukari ikiwa juu fizi huharibika haraka, na fizi zenye ugonjwa nazo hufanya sukari iwe ngumu kuteremka; kutibu fizi huishusha kidogo. Mvutaji sigara naye atangulie, na yeye asidanganyike kwa kutoona damu, maana tumbaku huficha damu hiyo. Waongeze wenye virusi vya UKIMWI, wajawazito, na yeyote ambaye wazazi wake walibaki bila meno wakiwa bado vijana.

Pa kwenda

Anzia kituo cha afya cha hapa Dzaleka, kinachotuhudumia sisi pamoja na wanavijiji wanaotuzunguka. Eleza kwamba fizi zinatoa damu au jino linatikisika. Usiseme tu "meno", utapewa dawa ya maumivu. Kesi inayozidi uwezo wa kituo hupewa rufaa, na Lilongwe, kilomita zipatazo 45 kutoka hapa, ipo idara ya meno katika hospitali ya Kamuzu Central. Usiondoke kambini bila kibali na karatasi ya rufaa mkononi. Kama una safari nyingine ya mjini, panga zote siku moja.

Usishangae ukihudumiwa na mtu asiyeitwa daktari. Malawi imetegemea kwa miaka mingi waganga wa meno wa ngazi ya stashahada, wengi wao waliosomea Lilongwe, na kazi hii wanaiweza. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza nchini mwaka 2019 tu. Lugha isikuzuie: kwa Kichewa jino ni *dzino*, meno ni *mano*, na neno *kutsuka* ni kusafisha. Dai vyombo vilivyochemshwa na glavu mpya. Si utovu wa adabu.

Anayepita sokoni na chupa ya kung'arisha meno, mwache apite. Ndimu, magadi, dawa ya kufulia nguo na asidi za aina yoyote hazifai: ndimu na asidi huyeyusha jino lenyewe, na ukilikwangua kwa wembe au msumari unalitia mikwaruzo inayokaribisha ukoga.

Nyumbani

Kazi ya mtaalamu haidumu bila kazi yako. Mara mbili kwa siku, ya usiku ikiwa lazima. Weka nywele za mswaki pale jino linapokutana na fizi, ukizungusha taratibu, na usisahau upande wa ndani. Mswaki wa mti nao ni mzuri ukitafunwa mpaka ulainike; udhaifu wake ni kwamba wengi husugua upande wa mbele tu. Mkaa, majivu na mchanga vinalika jino. Dawa ya meno iwe na floraidi. Angalia kwenye tyubu namba kati ya 1000 na 1500 mbele ya herufi ppm. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limeiweka dawa ya namna hiyo katika orodha ya dawa muhimu. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha kwa mtu mzima, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele.

Usingoje zamu ya kusafishwa

Uvimbe wa shavu wenye homa, usaha, au kushindwa kufungua mdomo ni vya kupelekwa kituoni siku hiyo hiyo. Mama na baba, angalieni zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6, hasa aliyekonda au aliyetoka kuugua surua au malaria. Fizi zake zikiwa na kidonda cha kijivu, damu na harufu kali, inaweza kuwa mwanzo wa noma, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwezi Desemba 2023. Hula fizi, kisha shavu, kwa siku chache. Ukiwahiwa kwa dawa za kuua vijidudu na chakula bora, mtoto hupona bila kovu. Mpeleke hata kama ni Jumapili.